Baba yuko kanisani, mama yuko kanisani, mtoto yuko na nani?

Hebu, msomaji mpendwa, itazame ile kalenda iliyotundikwa ukutani kwako, ile yenye picha ya kanisa lenu, kisha tuihesabu wiki moja pamoja. Jumapili ni ibada, na ibada ikiisha ni mkutano wa kamati ya ujenzi. Jumanne jioni ni masomo ya Biblia nyumba kwa nyumba. Jumatano ni maombi. Alhamisi akina mama wana chama chao, na jua likitua kwaya ina mazoezi. Ijumaa ni kesha. Jumamosi, ikiwa hakuna harusi basi kuna mazishi, na ikiwa hakuna mazishi basi kuna harambee ya kununua vyombo vya muziki. Jumatatu sijaitaja kwa sababu wachungaji wengi huitumia kupumzika, nao washirika huitumia kumfuata mchungaji nyumbani kwake, maana wanajua siku hiyo hana kazi!

Sasa ongeza kazi ya kuajiriwa. Baba anaondoka Utawala, au Rongai, au Kahawa West, saa kumi na moja na nusu alfajiri ili aiwahi matatu kabla ya msongamano wa magari. Mama anamfuata baada ya nusu saa. Watoto bado wako kitandani. Jioni wazazi hao hurejea saa mbili, na siku za kanisa saa nne. Watoto wako kitandani tena. Ukipiga hesabu vizuri utaona kwamba kuna watoto katika jiji hili ambao kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa huwaona wazazi wao kama watu wanavyouona mwezi mwandamo, kwa kubahatisha na kwa muda mfupi.

Wazazi hao si walevi, wala si wahuni. Ndio wale wale ambao mtaa mzima huwaheshimu. Mlevi asipoonekana nyumbani majirani humsema, mkewe humshtaki kwa wazee, na hata watoto wakikua hujua la kumlaumia. Lakini ni nani atakayemsema mzee wa kanisa? Mke akithubutu kulalamika kwamba mumewe amezidi mikutano, ataambiwa kwamba imani yake imepoa. Mume naye akimuuliza mkewe kwa nini chakula kimepikwa na yaya siku tano mfululizo, atajibiwa kwamba alikuwa katika kazi ya Bwana. Hapo hoja huishia. Kazi ya Bwana haina rufaa.

Na mtoto je? Mtoto anayeshindana na baa huwa ana matumaini kwamba siku moja atashinda. Mtoto anayeshindana na Mungu anajua ameshashindwa. Hasemi neno. Huketi akimwona babake akimwombea mtoto wa jirani kwa machozi, naye babake hajui kwamba yeye amehamishwa dawati kwa sababu haoni ubao. Mtoto huyo anapofika umri wa miaka 16 akakataa katakata kwenda kanisani, wazazi hushika vichwa na kuuliza ni shetani gani amemwingia. Huenda hakuna shetani yeyote. Huenda moyoni mwake Mungu ndiye aliyemnyang'anya babake, naye hana haja ya kumwabudu aliyemwibia.

Mkwe aliyeona

Watu wengi waliolelewa katika shule ya Jumapili wanaijua habari ya Yethro, mkwewe Musa, katika sura ya 18 ya kitabu cha Kutoka. Katika semina za uongozi husomwa mno. Tunaambiwa kwamba Yethro alimkuta Musa ameketi akiamua kesi za watu tangu asubuhi hadi jioni, akamshauri awateue wasaidizi, wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi, la sivyo angejichosha bure yeye na watu wake. Mameneja wanaipenda sana habari hiyo, na wachungaji vile vile, kwa sababu inawapa ruhusa ya kugawa kazi.

Lakini ni mara ngapi umesikia mhubiri akiuliza Yethro alikuwa amefuata nini huko jangwani? Ufungue tena ukurasa huo. Mzee wa watu alikuwa amemletea Musa mkewe Sipora na wanawe wawili, Gershomu na Eliezeri. Musa alikuwa amewarudisha kwa baba mkwe, naye akabaki na taifa zima mikononi. Ndipo mzee akafunga safari kumpelekea jamaa yake. Musa akatoka, akainama, akambusu mkwewe, wakajuliana hali, wakaingia hemani, wakala chakula mbele za Mungu. Na kesho yake? Kesho yake Musa aliamka na kuketi tena kuamua kesi, watu wamemzunguka tangu asubuhi hadi jioni!

Hapo ndipo mkwe aliposema hapana, jambo hili silo jema. Mimi sioni kwamba alikuwa akiwazia msongo wa kazi peke yake. Yeye ni baba aliyetoka mbali na binti yake na wajukuu wawili, na jua la siku ya pili halijatua kabla hajaona kwamba mwanamume huyu hana hata saa moja ya kukaa nao. Maandiko hayasemi hivyo waziwazi, lakini yeyote aliyewahi kumwoza binti ataelewa kilichomsukuma mzee kufungua kinywa.

Hebu fikiri kama baba mkwe wako angetoka Murang'a, au Kakamega, au Taveta, akaja kukaa kwenu juma moja. Angeona nini? Angekukuta wapi saa moja jioni? Na kama angesema, ungemsikiliza kama Musa alivyomsikiliza, au ungemwambia mkeo kwa sauti ya chini kwamba mzee hajaokoka?

Ikiwa Musa alisikia, wako ambao hawakusikia. Kuhani Eli alikuwa na wana wawili, Hofni na Finehasi, waliokuwa wakipora nyama ya sadaka na kufanya uchafu mlangoni pa hema ya kukutania. Baba alizisikia habari zao kutoka kwa watu wa nje, akawaonya kwa maneno tu, basi. Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba Samweli alilelewa katika nyumba hiyo hiyo, akaona kwa macho yake yaliyompata Eli, na bado wanawe mwenyewe, Yoeli na Abiya, walipowekwa kuwa waamuzi kule Beer-sheba wakala rushwa na kupotosha haki. Samweli alikuwa na ratiba ya kuzunguka kila mwaka Betheli, Gilgali na Mispa akiamua Israeli. Sisemi kwamba safari ndizo zilizowaharibu wale vijana, kwa maana kitabu hakisemi. Lakini wahenga wetu hawakukosea waliponena kwamba kinyozi hajinyoi.

Waliotangulia

Pwani yetu ina kumbukumbu ya bei iliyolipwa na jamaa za wahubiri. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la wamishenari la Kianglikana, alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine. Kabla mwaka haujaisha mkewe alikuwa amekufa kwa homa, na kitoto chao cha kike, chenye siku chache tu, kikamfuata. Krapf alibaki, akaendelea na kazi na kuifanyia lugha yetu hii sarufi na kamusi. Huo ulikuwa msiba, na msiba haumlaumu mtu.

Habari za David Livingstone ni nyingine. Mwaka 1852 kule Cape Town alimpandisha melini mkewe Mary na watoto wao wanne waende Uingereza, yeye akageuka kuelekea kaskazini kuitafuta njia ya kupitia barani. Hawakuonana tena hadi mwishoni mwa mwaka 1856. Huko Uingereza Mary aliishi kwa taabu, bila fedha za kutosha na bila makao ya kudumu, huku gazeti hili na lile likimsifu mumewe. Alimfuata tena mto Zambezi, akafa kwa homa mahali paitwapo Shupanga mwezi Aprili mwaka 1862. Mwana wao mkubwa, Robert, alikwenda Marekani, akaingia katika jeshi la Kaskazini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe kwa jina ambalo si lake, akamwandikia babake kwamba amebadili jina ili asilitie la ukoo aibu zaidi. Alikufa mwaka 1864 akiwa mfungwa wa vita huko North Carolina, kijana ambaye hajafika hata miaka 20.

Kuna watoto wa shule wanaosomeshwa mito na maziwa ambayo Livingstone aliyafikia, na jinsi Susi na Chuma walivyoubeba mwili wake hadi Bagamoyo. Hawasomeshwi kwamba mtu huyo, alipoitazama nyuma kazi yake miongoni mwa Wabakwena, aliandika kwamba jambo alilolijutia ni moja: kwamba wakati akizimaliza nguvu zake kuwafundisha watu wengine, hakuona kuwa ni wajibu wake pia kutenga wakati wa kucheza na watoto wake. Kucheza, msomaji! Hakusema kuwafundisha katekisimu. Hakusema kuwalipia karo.

Billy Graham naye, Mmarekani aliyehubiri hapa Kenya mwaka 1960 na katika mabara yote, alipoandika maisha yake katika kitabu kilichotoka mwaka 1997 alikiri kwamba angepewa nafasi ya kuanza upya angesafiri kidogo, angehubiri mara chache zaidi, na angekaa zaidi na mkewe na watoto. Alikuwa na umri wa karibu miaka 80. Watoto walikuwa wamekwisha kuwa na watoto wao.

Jambo la kuzingatia ni kwamba hawa hawakuwa wavivu wala wanafiki. Ni bidii yao iliyowafikisha hapo.

Si kwamba kanisa ni adui

Najua kuna atakayeuliza kwa hasira, Je, Yesu mwenyewe hakusema kwamba anayemfuata ni lazima awe tayari kuwaacha baba, mama, mke na watoto? Alisema. Lakini huyo huyo, akiwa msalabani, alimkabidhi mamake kwa mwanafunzi aliyempenda. Na katika Injili ya Marko, sura ya 7, aliwakaripia watu waliokuwa wakiwanyima wazazi wao msaada kwa kisingizio kwamba mali hiyo ni Korbani, imekwisha kuwekwa wakfu kwa Mungu. Kumbe hata wakati huo kulikuwa na watu waliojua kumtumia Mungu kama mahali pa kujificha wajibu wa nyumbani! Paulo naye, ambaye hakuwa na mke wakati akisafiri, alimwandikia Timotheo kwamba asiyeweza kuisimamia nyumba yake hawezi kulitunza kanisa, na kwamba asiyewatunza walio wake ni mbaya kuliko asiyeamini. Maneno makali hayo, na hayakutoka kwangu.

Wala nisieleweke vibaya. Katika miji yetu kanisa ndilo ukoo wa watu wasio na ukoo karibu. Mtoto akilazwa hospitalini, ni wana kwaya wanaokuja na chupa ya chai. Mtu akifiwa, ni jumuiya inayochangisha fedha za kusafirisha mwili. Wakatoliki wanaifahamu vyema faida ya jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele katika miaka ya 1970. Mama anayelea watoto peke yake Kayole au Mathare mara nyingi hana mwingine wa kumwita ndugu ila wale anaosali nao. Kwa mama kama huyo, kumwambia apunguze kanisa ni kumkata mkono mmoja.

Na kuna wanaosoma ukurasa huu ambao kalenda ya kanisa si taabu yao. Taabu yao ni unga. Mama anayeamka saa tisa usiku kwenda kununua mboga Marikiti au Gikomba hakuchagua kuwakosa watoto asubuhi. Mlinzi wa usiku hakuchagua kulala mchana wakati watoto wanacheza. Vitabu vingi vya ushauri viuzwavyo maduka ya Kikristo hapa mjini viliandikwa kwa ajili ya mtu mwenye gari, bustani na likizo ya ufuo wa bahari. Ukimwambia mlinzi wa usiku apange jioni moja ya kwenda na watoto hotelini, atakucheka, na atakuwa na haki.

Lakini hata aliyeajiriwa ana haki ambazo wengi hawazidai. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na siku 21 za kazi za likizo yenye malipo baada ya kila miezi 12 ya utumishi. Mama aliyejifungua ana miezi mitatu kwa mshahara kamili, na baba ana majuma mawili. Ni akina baba wangapi wanaoyachukua majuma hayo mawili wakae nyumbani na mtoto? Wako wanaoyachukua wakaenda kukagua ujenzi wa nyumba kijijini, na wako wanaoyachukua wakaenda kwenye mkutano wa injili. Katiba ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 53, inasema kwamba baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la. Sawa, msomaji. Si kwamba mama hulea na baba husaidia akipata nafasi.

Jioni ya Alhamisi

Iwapo unadhani malezi ya karibu ni ya watu wenye nafasi, mtazame Susanna Wesley, mke wa kasisi wa Epworth, Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 18. Alizaa watoto 19, na 10 tu ndio waliopita utotoni. Mumewe aliwahi kufungwa kwa sababu ya madeni mwaka 1705. Nyumba yao iliteketea mwaka 1709, mtoto mmoja, John, akaokolewa kupitia dirishani dakika za mwisho. Mama huyu hakuwa na nafasi hata kidogo, lakini baada ya moto ule alijiwekea ratiba ambayo aliieleza katika barua aliyomwandikia mumewe mwaka 1712: kila jioni alikaa na mtoto mmoja peke yake, wakizungumza. Jumatatu huyu, Jumanne yule. Alhamisi ilikuwa ya John.

John huyo ndiye baadaye aliyeanzisha Umethodisti. Alipokuwa mtu mzima, mwalimu wa chuo kule Oxford, alimwandikia mamake akitamani apewe tena ile sehemu ndogo ya jioni ya Alhamisi. Hakuna mahali ambapo ameandika kwamba alizikumbuka hotuba za babake namna hiyo.

Sisi wenyewe tulipata kuonja jambo hili bila kupenda. Mwezi Machi mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulifunga shule na makanisa kwa pamoja. Ghafla Jumapili ilifika na hapakuwa na pa kwenda. Kwaya hakuna, kamati hakuna, kesha hakuna. Makanisa yaliporuhusiwa kufunguliwa mwezi Julai, ibada ilikuwa ya saa moja, watu wasiozidi 100, na watoto wa chini ya miaka 13 hawakukubaliwa kuingia. Basi kwa miezi kadhaa, mzazi aliyetaka mtoto wake asikie Neno ilimbidi alisome mwenyewe, hapo hapo sebuleni, sufuria ikichemka jikoni.

Katika nyumba nyingi ilikuwa aibu mwanzoni. Wapo akina baba waliowahi kuhutubia mamia ya watu lakini wakakosa la kuwaambia watoto watatu walioketi kwenye kochi. Mtoto huuliza maswali ambayo washirika hawaulizi. Kwa nini Mungu alimwacha nyanya afe? Mbona wewe hunena kwa upole kanisani na hapa unafoka? Wengine walizoea, wakapata hata nyimbo zao za nyumbani, watoto wakashika zamu ya kuomba. Kisha milango ya makanisa ikafunguka wazi, kalenda ikarudi ukutani, na ile ibada ya sebuleni ikafa kama moto wa majani makavu. Kwa nini ilikufa? Hilo ni swali ambalo kila nyumba yafaa ijiulize, maana hakuna serikali iliyoipiga marufuku.

Niwataje pia watoto wa wachungaji, kwa sababu wao hubeba mzigo wa pande mbili. Baba ni wa watu wote, na wao wenyewe wanatazamwa na watu wote. Binti akivaa suruali, kanisa lina maoni. Kijana akianguka mtihani, kanisa lina maoni. Na juu ya hayo, baba huwatumia kama mfano katika mahubiri, akisimulia mbele ya watu 500 jinsi mwanawe alivyolowesha kitanda akiwa na miaka saba! Mchungaji, ikiwa unausoma ukurasa huu, habari za mtoto ni mali ya mtoto. Mwombe ruhusa kwanza.

Mama mchungaji naye hufanya kazi ambayo hakuna aliyemwandikia barua ya kuajiriwa. Anapika wageni wakija, anaongoza akina mama, anatembelea wagonjwa, na mumewe akihamishwa anafunga virago na kuanza upya. Siku hizi huenda mama mwenyewe ndiye mchungaji. Mwaka 2021 Kanisa la Kianglikana la Kenya lilimweka wakfu Emily Onyango kuwa askofu msaidizi wa Bondo, na baadaye mwaka huo huo Rose Okeno kuwa askofu wa Butere. Yalipozuka mazungumzo vibarazani, hazikukosekana sauti zilizouliza nyumba ya askofu mwanamke itatunzwa na nani. Swali si baya. Ubaya ni kwamba askofu mwanamume hajawahi kuulizwa.

Sasa lifanyike nini? Sina dawa ya kila nyumba, lakini yapo mambo ambayo hayagharimu hata shilingi. Baraza la wazee linaweza kuketi na ile kalenda na kalamu nyekundu, likaunganisha maombi ya Jumatano na masomo ya Jumanne, likaiacha jioni moja wazi kabisa, bila mkutano wa mtu yeyote. Mume na mke wanaweza kukubaliana kwamba hawatatoka wote wawili usiku mmoja. Akienda huyu kwenye kesha, yule yuko nyumbani. Baba anayekwenda kumtembelea mgonjwa Jumamosi anaweza kumchukua mwanawe wakaenda pamoja, wakazungumza ndani ya matatu. Mtoto atajifunza huduma kwa macho, na babake atajua kwa nini alihamishwa dawati. Na ile simu, ewe kiongozi wa kikundi! Kundi la WhatsApp la kanisa halina saa ya kufungwa. Ujumbe wa maombi ukiingia wakati wa chakula cha jioni, Mungu ameshausikia kabla hujaubonyeza. Wewe unaweza kungoja mtoto amalize hadithi yake ya shule.

Nawaomba pia wanafunzi mlio vyuoni, mnaoongoza vyama vya Kikristo na kulala saa nne kwa siku, mkidhani mtabadilika mtakapooa na kuolewa. Tabia ya kusema ndiyo kwa kila mwaliko huanza huko bwenini, na hufuatana na mtu hadi kwenye nyumba yake.

Halafu yuko mtu mmoja ambaye hatajwi kamwe katika semina hizi za ndoa na malezi, ingawa bila yeye hakuna hata mmoja wetu ambaye angeenda kesha. Ni yaya. Mama anapokuwa kwenye chama na baba kwenye kamati, yeye ndiye anayejua kwamba mtoto anaogopa giza na kwamba hapendi maharagwe. Yeye pia aghalabu ni Mkristo, na pengine ana mtoto wake aliyemwacha kwa nyanya yake Kitui au Busia ili aje kulea wa kwako. Ile sheria ya mwaka 2007 inamhusu kama inavyomhusu karani wa benki: siku moja katika kila saba ni yake. Jumapili anataka kwenda ibadani kama wewe, na jioni anataka kuzungumza kwa simu na mwanawe bila kuitwa jikoni kila dakika. Mpe siku yake kuanzia wiki hii. Atakapoondoka asubuhi na mkoba wake, utabaki wewe, watoto, na vyombo ambavyo havijaoshwa. Na kama siku hiyo kamati ya ujenzi ina mkutano, mwenyekiti atapaswa kuelezwa kwamba hutakuwapo.